Shajara ya mradi: kuirudisha angani Super Cub ya mwaka 1953

Ndege yenyewe ni Piper PA-18-95 Super Cub iliyotoka kiwandani Lock Haven, Pennsylvania, mwaka 1953. Ina viti viwili, kimoja nyuma ya kingine, na injini ya Continental C90 yenye nguvu za farasi 90. Haina stata, haina betri, haina flapu (vibawa vinavyoshushwa wakati wa kutua). Tangi ni moja tu, la galoni 18 za Marekani, ndani ya bawa la kushoto. Mwili ni mabomba ya chuma yaliyochomelewa, mabawa ni alumini, na juu ya vyote kuna kitambaa.

Sisi ni watatu. Yupo Mzee, mhandisi wa ndege aliyestaafu ila leseni yake hajaiacha ife. Yupo binamu yangu, rubani wa ndege ndogo. Na mimi ni fundi wa majokofu na viyoyozi. Kazi ya ndege nimeijua kwa kusimama nyuma ya Mzee nikimshikia taa. Tunafanya kazi Jumamosi, na Jumapili baada ya ibada, katika hanga la kukodi kwenye kiwanja kidogo kusini mwa Nairobi, mwinuko wa kama futi 5,000. Bei zote ni shilingi za Kenya. Kila hatua ikikamilika nitaongeza hapa, pamoja na tulipoharibu, kwa sababu tulipoanza hatukupata mtu wa huku kwetu aliyeandika habari za kazi hii kwa Kiswahili.

12 Februari 2022. Malindi

Mwenye ndege alikwisha fariki, na mjane wake ndiye aliyetupokea. "Shikamoo Mama." "Marahaba baba, karibuni." Banda la makuti, nyuma ya nyumba, na ndege ilikuwa humo kwa miaka 19. Popo juu, nyigu wa udongo wamejenga ndani ya kila tundu, na kitambaa cha bawa la kulia kilipasuka nilipokigusa kwa kidole.

Mzee hakuitazama ndege kwanza. Aliuliza vitabu vyake vya kumbukumbu. Mama akaleta sanduku la bati, na ndani vilikuwepo vyote, vya mwili na vya injini, kurasa za kwanza zikiwa na usajili wa VP-K wa enzi za ukoloni, kabla Kenya haijapewa 5Y. Mzee alikaa kwenye kigogo akasoma kwa saa mbili. Ukipata ndege kama hii bila vitabu, usilipe bei ya ndege; lipa bei ya vyuma chakavu.

Mama alituambia mumewe ndiye aliyeivalisha kitambaa kwa mikono yake, barazani, na yeye akishika taa. "Usione vyaelea, vimeundwa," alisema. Tukakubaliana 1,150,000.

Lori na magodoro ya kufungia mabawa, 68,000 kwa kilomita 600. Kosa letu la kwanza lilikuwa njiani: tulifunga usukani wa mkia kwa mkanda wa kukaza, na matuta yakaukunja ukingo wake. Kuunyoosha, 9,500. Vipande vya mkia visafirishwe vikiwa vimelala juu ya godoro, bila kukazwa na chochote.

Juni 2022. Kuvua

Miezi minne, kazi nyepesi. Kitambaa cha zamani usikitupe. Tulikivua kwa kipande kizima kizima na kukining'iniza ukutani, maana ndicho kinachoonyesha mishono ilipita wapi, matundu ya nyaya yako wapi, na wapi paliongezwa kiraka.

Siku ya kwanza nilitia bolti zote katika ndoo moja. Nilipoteza wikendi mbili kuzipambanua. Baada ya hapo kila bolti ilirudi kwenye mfuko wake, ikaandikwa, na mifuko ikapigwa misumari juu ya ubao wenye mchoro wa ndege. Farasi za mbao (stendi za kuwekea vipande) na mifuko, 21,000.

25 Septemba 2022. Mabomba ya mkia

Kwa macho, mabomba yote yalikuwa mazima. Rangi ya kijani ya kiwandani bado iling'aa sehemu nyingi, nami nilikwisha anza kuhesabu akiba. Mzee akaniambia, "Mwanangu, kutu usiitafute unapoiona. Itafute maji yanapolala."

Ndege ya gurudumu la mkia hukaa pua juu, mkia chini. Kila tone linaloingia ndani ya bomba huteremka mpaka kwenye nguzo ya mkia na kukaa hapo. Ongeza hewa ya chumvi ya Malindi. Mzee alianza kugonga kwa nyundo ndogo kuanzia mbele kwenda nyuma, na kiasi cha mita moja kabla ya mkia sauti ikabadilika, ikawa kama ya kopo. Akachukua sindano ya chuma, akasukuma kwa kidole gumba, ikazama. Bomba la chini la kushoto lilikuwa limeliwa kutoka ndani kwa sentimita 61, la kulia kwa sentimita 40. Nje, rangi ilikuwa haina hata alama.

Tukapeleka mwili wote ukasafishwe kwa mchanga wa shinikizo. Nililipa 38,000, kazi ikaisha Ijumaa saa tisa mchana, nikaenda kuuchukua Jumamosi jioni, nikapanga kupaka rangi ya msingi Jumapili. Jumapili asubuhi mwili wote ulikuwa wa rangi ya chungwa. Chuma kitupu hakingoji. Ikabidi kurudia, safari hii kwa chembe laini za kioo, 15,000, na rangi ya msingi ya epoksi ikapakwa hapo hapo, saa nne hazijapita.

Kuchomelea ndiko kulikotufundisha zaidi. Mimi nachomelea mabomba ya shaba kila siku kwa gesi, na nilidhani nitajifanyia. Mzee alikataa katakata: kuunganisha kwa shaba nyeupe hakuruhusiwi kwenye mifupa ya ndege, na bomba likishaingiwa na shaba haliwezi tena kuchomelewa vizuri. Tukampata kijana anayetengeneza matangi ya chuma kisichoshika kutu, mwenye mashine ya TIG (ya kuchomelea kwa umeme) na mkono mtulivu. Kabla hajaigusa ndege, Mzee alimpa vipande vya bomba la 4130, chuma cha mifupa ya ndege, afanye viungo vitatu. Viwili vya kwanza vilionekana vizuri kuliko vyote nilivyowahi kuona. Tukavibana kwenye jiliwa, tukavikunja, vikakatika kando ya mshono kama biskuti. Sababu: alikuwa akivipoza kwa tambara bichi, kama alivyozoea. Chuma hiki kikipozwa ghafla hugeuka kigumu na kukatika. Cha tatu kilipoa chenyewe, hewa imetulia, milango ya karakana imefungwa. Hicho kilikunjika bila ufa, na tulipokipasua kwa msumeno tukaona moto ulipenya mpaka ndani.

Ncha za mabomba zilikatwa kwa umbo la mdomo wa samaki, bomba jembamba likaingizwa ndani, kisha yakachomelewa.

Na kosa kubwa la mwezi huo lilikuwa langu. Nilikata mabomba yote mawili siku moja. Kufumba na kufumbua mkia ulikuwa umepinda milimita 6 upande wa kulia. Katika ndege, milimita 6 mkiani ni mguu mmoja kukanyaga pedali safari nzima. Tuliurudisha kwa uzi, timazi na vyuma vya pembe vya kuushikilia, siku tatu. Kata bomba moja, lichomelee, lipoe, pima, ndipo ukate la pili.

Mwisho tulimimina mafuta ya kitani yaliyochemshwa ndani ya mabomba, tukageuza mwili huku na huku ili yaenee, tukayamwaga yaliyobaki na kuziba tundu. Mabomba na usafiri wake 94,000, mchomeleaji 55,000, rangi 41,000, pamoja na mchanga wa mara mbili: 243,000.

22 Januari 2023. Mabawa

Panya walilala ndani ya bawa la kulia kwa vizazi vingi. Kiota ni rahisi kukitoa. Mkojo ndio ulioharibu. Alumini chini ya kiota ilikuwa na unga mweupe, na tulipousugua, mbavu tatu zilibaki nyembamba kama karatasi. Mihimili miwili mikuu ilisalimika kwa sababu kiota kilikaa katikati yao. Mzee aliikagua kwa darubini ndogo na taa kutoka ncha hadi ncha, akitafuta mahali ambapo alumini inavimba kama kurasa za kitabu kilicholowa. Hakupata. Kama angepata, mradi ungeishia hapo.

Mbavu tatu, bati la ukingo wa mbele na waya za kukaza ndani ya bawa: 212,000.

Ncha ya bawa la Cub ni ubao uliopindwa. Juu ya ubao wa bawa la kushoto tulikuta maandishi ya penseli: Alhamdulillahi, na tarehe ya mwaka 1994. Nilipiga picha nikamtumia Mama. Alinipigia simu, akanyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama mbao ile tutaibadilisha. Nikamwambia ni nzima, inabaki.

14 Mei 2023. Nguzo

Nguzo nne za chuma ndizo zinazobeba mabawa. Kwa ndege za Piper za aina hii kuna agizo la lazima la usalama kutoka Marekani, la miaka mingi sasa, kwa sababu nguzo za zamani hazikuzibwa: maji huingia, hukaa chini, na kutu hula kutoka ndani. Hadithi ile ile ya mkia. Chombo cha kupimia huikandamiza nguzo kwa ncha iliyochongoka, sehemu ya chini. Ya kwanza ilibonyea mara moja, hatukuendelea na zingine.

Tuliagiza nguzo mpya zilizozibwa kabisa, pamoja na uma zake (vishikio vya ncha, vya skrubu): 486,000 mpaka hangani. Hapa sikubali ushauri wa kupunguza gharama. Binamu yangu alipata nguzo zilizotumika kwa bei ya robo. Mzee alimwuliza, "Utakalia wewe au utamkalisha mtoto wako?" Mazungumzo yakaisha.

Mipira ya mshtuko ya magurudumu pia mpya, 31,000. Mipira hiyo ina nyuzi za rangi ndani ya ganda lake zinazoonyesha mwaka ilipotengenezwa. Zitazame kabla ya kulipa.

29 Oktoba 2023. Kitambaa, na pasi

Zamani ilikuwa pamba au kitani. Leo ni poliesta. Tulichagua kampuni ya Poly-Fiber kwa sababu kitabu chao cha maelekezo kinaeleza kila hatua, na kwa sababu mfumo wao una kibali cha kutumika kwenye ndege. Kibali hicho ni cha mfumo mzima: kitambaa, gundi, vanishi, rangi ya fedha na rangi ya juu. Ukichanganya na gundi ya dukani, kibali hakipo. Kwa kuwa vimiminika vinashika moto, vilikuja kwa meli. Mzigo ulikaa siku 23 kwa sababu karatasi zetu hazikutaja kila kopo kwa jina lake la kemikali. Jumla 735,000.

Kitambaa hugundishwa kwenye kingo, halafu hukazwa kwa pasi. Ndiyo, pasi ya nguo. Joto la kwanza ni nyuzi 121 za Selsiasi, kisha 149, mwisho 177. Ukivuka 177 kitambaa huanza kulegea badala ya kukaza, na hakirudi tena.

Nilitumia pasi ya nyumbani, nikaweka alama kwenye kitufe chake kwa kukisia kutoka "pamba" na "hariri". Nilianza na aileroni ya kulia, yaani kile kibawa cha bawaba nyuma ya bawa kinachoilaza ndege kulia au kushoto. Kitambaa kilikaza vizuri ajabu, kama ngoma. Jumapili tuliporudi, ukingo wa nyuma wa aileroni ulikuwa umevutwa ndani kati ya kila ubavu, kama ukingo wa mwavuli, na katikati kulikuwa na doa la upana wa kiganja lililolegea. Pasi ilikuwa imefika zaidi ya 200 upande mmoja, na upande wa pili 160.

Tulivua, tukanyoosha ukingo, tukaanza upya: 26,000. Nikanunua pasi ndogo ya mafundi na kipimajoto cha kugusa, 8,500. Sasa kila asubuhi tunapima uso wa pasi mahali pengi, na kila baada ya nusu saa tunapima tena. Tena usianze na aileroni. Anza na kifuniko kidogo, au tengeneza fremu ya mbao ujifunzie.

Kushona mbavu kulikuwa furaha. Sindano ndefu, uzi wa nta, mmoja juu na mmoja chini ya bawa, tukipokezana. Nafasi kati ya mishono tuliipima kwenye kitambaa cha zamani na kuilinganisha na jedwali, ambalo hutegemea kasi ya juu ya ndege na upepo wa propela. Fundo moja ukilikosea, usilikaze ukasonga mbele, lifungue. Kwenye ubao wa ncha ya bawa, chini ya maandishi ya mwaka 1994, tuliandika tarehe yetu.

26 Novemba 2023. Tumelipasua bawa la kushoto

Hili nataka lisomwe na kila mtu. Mzee alilazwa wiki mbili kwa nimonia. Sisi wawili tulikuwa na moto wa kazi, bawa la kulia limekwisha kaguliwa na kusainiwa, na la kushoto lilikuwa limekamilika ndani, tukalifunika. Juu na chini, likagundishwa, likakazwa, na nusu ya mbavu zikashonwa.

Mzee aliporudi aliuliza swali moja: "Nani aliliona likiwa wazi?" Ukaguzi kabla ya kufunika ni lazima, tulijua, tulidhani ni karatasi itakayofuata. Hakupandisha sauti. Alinipa kisu.

Kwenye roda ya waya wa aileroni, ile iliyo ndani kabisa karibu na ncha, bolti ilikuwa na nati na haikuwa na pini ya kufungia. Mimi ndiye niliyeifunga, nikaitwa kwenda kupokea gundi, nikarudi nikaendelea na roda iliyofuata. Mtikisiko wa injini ungeilegeza nati ile taratibu, ndani ya bawa lililofungwa, mahali ambapo hakuna tundu la kuchungulia.

Kitambaa, gundi, uzi: 62,000. Wikendi sita. Tangu siku hiyo kila nati tukishaikaza na kuifunga hupakwa tone la rangi nyekundu na aliyeifunga, na tone la njano na aliyeikagua, na mtu hawezi kupaka yote mawili.

17 Machi 2024. Injini

C90 ilifunguliwa yote. Habari njema ni kwamba kamshafti (mhimili unaofungua vali) ya Continental hizi iko chini ya krankshafti (mhimili mkuu unaozungusha propela), karibu na mafuta, kwa hiyo kulala miaka mingi hakukuila kama kunavyozila injini ambazo kamshafti yake iko juu. Habari mbaya ni silinda zote nne, vali zake na magineto (vifaa vya kutoa cheche) zote mbili. Silinda mpya, krankshafti kupimwa nyufa nje ya nchi, magineto kufanyiwa ukarabati: 1,640,000.

Tulilipa Januari, dola ikiwa karibu shilingi 160. Naongeza baadaye: kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Kama tungengoja miezi mitatu tungeokoa kama laki tatu. Hakuna aliyejua, lakini kuna jambo la kuiga: vipande vikubwa vya nje vinunue kwa mafungu, usilipe vyote siku moja.

Kuwasha kwa mara ya kwanza, juu ya fremu, propela ikizungushwa kwa mkono. Ilishika mara ya nne. Binamu alikuwa na macho kwenye geji ya shinikizo la mafuta ya injini, mimi kwenye saa. Sekunde kumi, sifuri. Ishirini, sifuri. Tulizima kabla ya thelathini. Pampu ya mafuta ilikuwa kavu baada ya ukarabati na haikuweza kuvuta. Tuliifungua, tukajaza gia zake mafuta ya mgando, tukasukuma mafuta ya injini kwa pampu ya mkono kupitia tundu la geji mpaka yakaonekana kwenye vali. Siku iliyofuata sindano ilipanda ndani ya sekunde sita. Silinda tuliziangalia kwa kamera kabla ya kuendelea. Hazikuwa na mikwaruzo.

9 Juni 2024. Rangi, na mvua

Kwanza rangi ya fedha, yenye unga wa alumini ndani yake, inayozuia jua lisioze kitambaa. Kwa jua la ikweta usipunguze hata mkono mmoja wa rangi. Jioni ukizima taa za hanga, weka balbu ndani ya bawa: nuru ikionekana popote, ongeza.

Rangi ya juu tuliipiga mwishoni mwa Aprili, wiki zile za mafuriko. Tulijua hewa ina unyevu, ila tulikuwa tumekodi kompresa. Njano ya Cub ilikauka ikiwa na ukungu mweupe, kama kioo kilichopuliziwa pumzi. Nilidhani nimeharibu kopo zote. Mzee alisema tungoje. Tulingoja mpaka mvua ikakatika, tukapima unyevu kwa kipimo kidogo cha ukutani, tukapuliza juu yake mkono mwepesi wa kiyeyushi chenye kichelewesho. Ukungu ukapotea tukiwa tunatazama. Kiyeyushi, kompresa na rangi ya nyongeza, 83,000.

18 Agosti 2024. Kuunganisha

Mabawa yaliingia, nyaya mpya, roda mpya, vioo vipya: 147,000. Ilikwenda upesi, na upesi huo ndio uliotuletea hili.

Jumamosi jioni kila kitu kilitembea laini, kijiti (fimbo ya kuongozea ndege) kikivuka kulia na kushoto bila kukwama. Binamu alikaa ndani akitabasamu. Mzee alisimama mbele ya pua, akamwambia alaze kijiti kushoto. Aileroni ya kulia ikainuka.

Nyaya zilikuwa zimepishana nyuma ya kiti. Zilikuwa zimekazwa sawa, zina matone mekundu na ya njano, kila nati ina pini. Sote wawili tulikagua kama zimefungwa. Hakuna aliyekagua kama zinafanya kazi inayotakiwa. Ndege ikiruka hivyo, rubani anayelitaka bawa liinuke analishusha, na kadiri anavyosahihisha ndivyo anavyozidi kulizamisha.

Sasa kuna njia moja tu, nayo imeandikwa kwenye kipande cha plaiwudi mlangoni. Shika kijiti, kidole gumba kikielekea juu. Kilaze upande wowote: gumba linapoelekea, aileroni ya upande huo ndiyo iinuke. Vuta kijiti kwako: eleveta (kibawa cha mlalo cha mkiani) iinuke. Kanyaga pedali ya kulia: usukani uende kulia. Mmoja ndani, mmoja nje, kila mmoja anasema kwa sauti anachokiona, kisha wanabadilishana nafasi.

20 Oktoba 2024. Mizani na karatasi

Mkia uliinuliwa mpaka ndege ikalala sawa, tukapima. Uzito mtupu, kilo 398. Karatasi za zamani zinasema 379. Tulipopima mara ya kwanza tulipata 405, mpaka binamu akagundua sanduku la spana liko chini ya kiti cha nyuma. Rangi ndiyo iliyoongeza sehemu kubwa ya hizo 19. Uzito wa juu unaoruhusiwa ni kilo 680, kwa hiyo hakuna tatizo, ila kila mkono wa rangi unaupiga kwa ajili ya urembo utaubeba daima.

Mkaguzi wa serikali alikuja mara mbili. Aliomba picha za mabawa yakiwa wazi, na saini. Zilikuwepo. Ada, mizani na ukaguzi, 118,000.

25 Januari 2025. Imeruka

Saa moja kasorobo asubuhi, kabla ya joto. Kwenye mwinuko wetu injini ya farasi 90 hubaki na kama 76, na jua likipanda hupungua zaidi. Aliyerusha si binamu. Tulimwomba rubani mwenye saa nyingi za Super Cub, na binamu mwenyewe ndiye aliyependekeza hivyo. Mzee alizungusha propela. Mkia uliinuka kabla sijahesabu tano, magurudumu yakaachana na vumbi, na nikasikia Mzee nyuma yangu akisema "Polepole, polepole," kana kwamba rubani anamsikia.

Dakika 22. Shinikizo la mafuta sawa, joto sawa. Kasoro moja: bawa la kushoto zito, anashikilia kijiti kulia muda wote.

8 Februari 2025. Bawa la kushoto

Kwa kuwa tangi liko kushoto, tulishuku petroli kwanza. Akairusha tena tangi likiwa chini ya nusu. Uzito ulipungua kidogo, haukuisha. Tukapima upya pembe ya mabawa kwa kipimamaji cha kidijitali, na la kushoto lilikuwa na pembe ndogo kuliko la kulia.

Dawa yake iko kwenye uma wa nguzo ya nyuma, ambao ni wa skrubu. Ukiingiza ndani, nguzo hufupika, ukingo wa nyuma wa bawa hushuka, na bawa hubeba zaidi. Tuliingiza nusu mzunguko, tukafunga. Ukitaka kufanya hivi, ingiza ya upande mzito badala ya kutoa ya upande mwepesi, ili skrubu iwe na nyuzi nyingi ndani ya nguzo. Ndege ikaruka: bado kidogo. Nusu nyingine. Leo asubuhi rubani aliachia kijiti juu ya nyanda za Kajiado kwa hesabu ya thelathini, na ndege ikaenda moja kwa moja.

Petroli, bima na rubani, 96,000. Jumla yote mpaka leo ni 5,136,000. Injini ina saa 6. Mafuta yasiyo na viongezo yanabaki mpaka silinda zikae sawa, chujio linafunguliwa kwenye saa 10. Binamu anaanza masomo ya gurudumu la mkia Jumamosi ijayo, kiti cha nyuma akiwa amekaa yule yule rubani.